Lusajo, karatasi zako zisigombane

Uyole, Mbeya

Mwanangu Lusajo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kuwa wewe na mwenzio mmeamua kwenda kutembea Ulaya mwezi wa tano, siku sita Ujerumani na siku tisa Italia. Kabla hujalipia hata senti, soma barua hii huku karatasi zako zote ziko mezani. Watu husema viza inataka pesa. Pesa inataka, ndiyo, lakini nionavyo mimi kinachowaumbua wengi ni karatasi moja kuikana nyingine.

Anza na pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na uhai wake uvuke angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao. Hesabu kuanzia siku ya kutoka, usihesabie ya kuingia. Kisha lisome jina lako herufi kwa herufi: pasipoti, kadi ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, taarifa ya benki, barua ya mwajiri. Unajua huko Makambako wapo wanaokuandika Rusajo. Herufi moja hiyo ikiingia kwenye barua ya mwajiri, anayesoma maombi yako anaona watu wawili. Irudishe iandikwe upya, usikubali kufutiwa kwa wino.

Mtu mwenye viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huingia nchi 29, lakini maombi hupelekwa kwa nchi moja tu, ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwako ni Italia, hata kama ndege itatua Frankfurt. Siku zingekuwa sawasawa, ungeomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Na msije mkabadilisha mpango baadaye mkasahau kubadilisha maombi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, kwa hiyo wewe peleka mwezi wa pili. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, huduma ya wakala inalipiwa pembeni, na ukinyimwa hairudi. Utakwenda Dar mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Usipande basi la usiku ukashuka na kwenda moja kwa moja kwenye miadi macho yamevimba. Fika jana yake, ulale kwa shangazi yako.

Sasa benki, na hapa tulia kidogo. Wanataka kuona mwenendo wa akaunti, kwa kawaida miezi mitatu ya mwisho. Akaunti iliyokuwa ikicheza kwenye laki nne, laki tano, halafu siku nne kabla ya maombi inaingia milioni nane, inauliza swali lenyewe: za nani hizi? Kama ni za mahindi uliyouza, ambatisha risiti ya mnunuzi. Kama ni mjomba amechangia, aandike barua ya kukudhamini na aweke taarifa ya akaunti yake mwenyewe. Kukopa pesa zikae wiki moja kisha zirudi kwa mwenyewe ni kujitafutia fomu ya kunyimwa. Mshahara uliotajwa na mwajiri ulingane na unaoingia benki, na kama sehemu hukatwa mkopo, barua iseme hivyo. Barua hiyohiyo itaje cheo chako, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Likizo ikiisha tarehe 15 na tiketi ya kurudi ni ya tarehe 18, umejifunga mwenyewe.

Bima ya safari ifidie angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ukiwa mgonjwa au, Mungu apishe mbali, maiti. Ianze siku ya kuingia na isipungue hata siku moja ya mwisho. Tiketi usilipie kabla ya viza. Shikisha nafasi tu, upate karatasi yake.

Ukipewa pasipoti, isome stika ya viza kabla hujaondoka dirishani. Tarehe za mwanzo na mwisho ni kitu kimoja, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa ni kitu kingine. Stika inaweza kuwa na wiki tano huku siku zako ni 15 tu, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Angalia pia idadi ya kuingia. Ikiwa ni 1, usishawishike kurukia London: Uingereza haimo, inataka viza yake, na ukishatoka hurudi ndani.

Ndege nyingi za huko huondoka usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 4, saa 00:35, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 4, kwa hiyo uwanjani unafika tarehe 3 jioni. Karatasi zote, pamoja na za hoteli na bima, zikae kwenye begi la mkononi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya hata ukiwa na viza. Atachukua pia picha ya uso wako kwa mfumo ulioanza Oktoba 12, 2025; alama za vidole wanazo tayari tangu maombi ya viza. Pawabenki nayo ibebe mkononi, ya 20,000 mAh inapita.

Zawadi za wenyeji wako: nyama kavu na maziwa ni marufuku kuingiza. Asali mwisho kilo 2. Parachichi linataka cheti cha afya ya mimea, achana nalo. Ndizi hazihitaji cheti, wala kahawa ya Mbozi iliyokaangwa. Nitumie picha ya ukurasa wa pasipoti na barua ya mwajiri kabla ya Jumapili nizilinganishe. Kahawa nitakuwekea pakiti mbili za nusu kilo, na ndizi mtakuja kuchukua hapa wenyewe zikiwa bado mbichi.

Mama yako