Kwa wanakikundi: mazungumzo ya Jumamosi kuhusu kiharusi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi saa 10 alasiri tutakutana Ngamiani kumsikiliza mtafiti wa famakolojia, yaani elimu ya dawa, anayechunguza jinsi mchochota sugu, yaani kinga ya mwili kuwaka kimyakimya kwa miaka, unavyodhoofisha mishipa hadi utando wa mafuta uliomo ndani upasuke, damu igande na ubongo ukose damu.

Nimemwomba aanze na jaribio la CANTOS la mwaka 2017, ambapo canakinumab, dawa ya kutuliza mchochota, ilipunguza mashambulio ya moyo bila kushusha lehemu (kolesteroli), ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka. Kwangu mimi, utamu wa mjadala uko hapo.

Wanaotumia dawa za presha waje na pakiti zao, na tafadhali mtu asiruke dozi ya asubuhi kama ilivyotokea safari iliyopita. Kahawa na kashata zitakuwepo.