Barua kwa wanaopeleka sabuni gerezani

Wanangu wa huduma ya magereza, Bwana asifiwe.

Nawaandikia hadharani kwa sababu vikundi kama chenu viko katika makanisa mengi hapa Kenya. Mnachanga sabuni, tishu na sukari, mnapanda matatu kwenda kuimba na wafungwa. Endeleeni. Mathayo 25 haijafutwa, na anayekaa rumande kwa kukosa dhamana ya elfu chache mara nyingi hana mwingine wa kumjulia hali. Lakini mimi nimestaafu kazi ya probesheni, ile ya kuwasimamia wenye vifungo vya nje, na nina swali: aliyetendewa kosa, yeye hutembelewa na nani?

Someni tena habari za Msamaria. Wanyang'anyi wakishaondoka, Yesu hawataji kwa lolote walilofanya baadaye. Anabaki na yule aliyeachwa nusura afe: mafuta na divai, mnyama wa kumbeba, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Torati nayo ilianzia hapo. Kutoka 21 inasema aliyempiga mwenzake hata akalala kitandani amlipe siku alizopoteza na amuuguze mpaka apone. Mambo ya Walawi 6 inamtaka mwizi arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano, pamoja na sadaka yake ya hatia. Zakayo hakuishia kuomba radhi.

Kortini mambo ni mengine. Kesi ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na aliyeumizwa huwa shahidi tu. Nendeni mkakae kwenye korido yoyote ya mahakama. Mtamkuta mama amebanana benchi moja na shangazi za mshtakiwa, bahasha ya hospitali mapajani, kibanda chake cha mboga kimefungwa siku nzima. Saa tano karani anatoka: faili haijafika, rudini mwezi ujao. Akishuka stejini anamkuta mshtakiwa naye anangoja matatu, yuko nje kwa dhamana. Mama anaamini polisi wamehongwa. Pengine hawakuhongwa, maana dhamana ni haki ya kikatiba. Ila hakuna aliyemweleza.

Wala hakuna aliyemwambia kwamba sheria imebadilika. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na mwaka 2014 ikapatikana. Mama huyu ana haki ya kuarifiwa, ya kusikizwa, ya usalama wake kufikiriwa masharti ya dhamana yanapowekwa, na ya kudai fidia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki kesi kupitia wakili wake, mradi asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili. Mahakama hiyohiyo, Desemba 2017, ilikuwa imeondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga. Lakini wafungwa waliporudi kortini kuhukumiwa upya, kuna familia za waliouawa zilizofukuliwa kilio cha zamani, na sijui ni makanisa mangapi yaliyokwenda kuketi nazo.

Sasa niseme na wazee wenzangu pia. Absalomu alimwambia Tamari anyamaze, kwa kuwa aliyemnajisi ni ndugu yake. Maneno hayo bado yanasemwa katika ofisi za wachungaji: mama samehe, tuyamalize nyumbani, usiliaibishe kanisa. Mbuzi wawili, maombi, basi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, wazee hawana mamlaka ya kusitisha kesi kama hiyo, wala familia haina. Na msamaha ni wa aliyeumizwa, autoe siku yake. Anaweza kusamehe asubuhi na mchana akatoa ushahidi. Aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Mtaomba mkiwa njiani.

Sitetei vifungo virefu. Kijana akiiba simu akafungwa miezi sita, mwenye simu hapati kitu, na kijana anarudi mtaani na marafiki wabaya zaidi. Kwa makosa madogo tuna sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, tuna fidia, tuna upatanisho unaokubaliwa na korti. Hapo wazee wana kazi, iwapo mwenye mali ameridhia mwenyewe.

Kwa hiyo kikundi kigawanyike. Baadhi waendelee na gereza. Wawili wawili wamsindikize mwathiriwa kila tarehe ya kesi, wamchangie nauli, waandike namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na ya kesi kwenye daftari, na wamuulize kiongozi wa mashtaka kinachoendelea. Anayemtembelea mfungwa asimpelekee mwathiriwa salamu wala barua kutoka gerezani. Kama mfungwa anataka kuomba radhi, apitie kwa afisa wa probesheni, naye atamuuliza mwathiriwa kama yuko tayari kusikia. Akisema hapana, msimfuate nyumbani kumbembeleza.

Mzee wenu.