Matao ya Notre-Dame si mapambo

Mhariri,

Nimekuwa nikinunua gazeti lenu tangu nikiwa kijana wa kubeba karai, na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu kuhusu Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mliandika kwamba ule mnara mwembamba ulioanguka kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019 ulikuwa na miaka zaidi ya 800. Si kweli. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1163, lakini mnara ule ni kazi ya msanifu Viollet-le-Duc, wa karne ya 19. Hilo naweza kulivumilia. Lisilovumilika ni ile sentensi yenu kwamba kanisa “limezungukwa na matao ya mapambo”.

Mapambo! Dari ya kanisa lile ni ya mawe, na iko zaidi ya mita 30 juu ya vichwa vya waumini. Mawe yaliyopangwa kwa tao hayatulii. Yanazisukuma kuta kwenda nje usiku na mchana. Mafundi wa kaskazini mwa Ufaransa, tangu siku za Suger, abate (mkuu wa monasteri) aliyezindua sehemu ya altare ya kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, mwaka 1144, walilishughulikia jambo hilo kwa akili ambayo mimi, niliyeshika mwiko maisha yangu yote, naivulia kofia. Tao lililochongoka hutelemsha uzito chini zaidi kuliko tao la nusu duara. Mbavu za mawe huukusanya uzito wa dari na kuupeleka kwenye nguzo chache. Kisha matao ya nje huupokea msukumo juu ukutani, yakauvusha hewani hadi kwenye maegemeo mazito, yaani nguzo nene za mawe zilizosimama nje ya ukuta. Hata vile vijinara vilivyochongwa juu ya maegemeo vina kazi, kwani uzito wake huukandamiza msukumo uelekee ardhini. Ukuta ukishatuliwa mzigo, unaweza kufunguliwa ukatiwa vioo. Ndiyo maana Kanisa Kuu la Chartres, huko huko Ufaransa, lina vioo vile vya karne ya 13, ambamo wamo manabii na watakatifu, na pia waokaji mikate, washona viatu na waashi wenyewe wakichonga mawe. Bila egemeo hakuna kioo. Na mzaha haufai: huko Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa, walipandisha dari ya kanisa kuu hadi mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Paris nako, baada ya moto, matao 28 ya nje yalitiwa fremu kubwa za mbao, kwa hofu kwamba dari ikidhoofika yatazisukuma kuta ndani.

Mnadhani nagombania neno tu. Parokiani kwetu kamati ya ujenzi ilitaka mahali pa kuegesha magari upande wa kusini. Kanisa letu halina dari ya mawe, lakini kuta zake ni za mawe, kenchi zake ni nzito, na wamisionari walizishikilia kuta hizo kwa maegemeo yaliyotokeza nje. Nilisimama kikaoni nikaeleza. Nikajibiwa, “Mzee wetu, hayo ni mapambo ya Wazungu, fundi anayatoa kwa siku mbili.” Yakatolewa. Masika iliyofuata ukuta ukapasuka kutoka kwenye linta hadi juu, ufa unaopitisha kidole. Leo umeegemezwa kwa mirunda, na waumini wote tunabanana upande mmoja, wazee na watoto, huku magari yakikaa kivulini.

Tena, lini mtaandika kuhusu plasta ya saruji inayopigwa juu ya kuta za zamani? Nyumba za Bagamoyo na Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuacha unyevu utoke. Ukiifunika kwa saruji, maji yanabaki ndani na ukuta unaoza huku rangi inang'aa. Wafaransa walichonga mialoni kwa shoka ili paa la Notre-Dame lirudi kama lilivyokuwa. Kwetu kijana wa ujenzi hajawahi kuona chokaa ikichomwa, na hakuna anayemtuma kwa mzee anayejua.

Naomba mchapishe masahihisho, na si kwa mistari miwili pembeni mwa matangazo ya vifo. Chapeni mchoro wa kanisa lililokatwa katikati, robo ukurasa, wenye mishale inayoonyesha uzito unavyoshuka kutoka darini hadi kwenye msingi, na majina ya Kiswahili kwa kila sehemu. Mpiga picha wenu aende na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapo Kivukoni, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, awaonyeshe wasomaji matao yaliyochongoka bila kupanda ndege. Mchoro huo utoke kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati yetu inakutana tena, na maegemeo matatu ya upande wa kaskazini yamekwisha pigwa X nyekundu.

Fundi mwashi mstaafu,
Dar es Salaam