Mpeleke Mwanangu Kibuye: Barua kwa Mdogo Wangu Kisumu

London, Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo imeanza kutubana, na mwezi huu wa Desemba jua linatua kabla ya saa kumi jioni. Natumai Mama anaendelea vizuri na mguu wake, na kwamba watoto wamefunga shule salama.

Ujumbe wako kuhusu safari ya binti yangu na rafiki yake nimeupata, na nakushukuru kwa kuwahangaikia. Lakini ule mpango wa kuwalaza hotelini Milimani, kisha Jumamosi nzima kuwazungusha kwenye majumba ya maduka, naomba tuuache. Majumba ya maduka wanayo huku tele. Walale kwa Mama, Kaloleni, chumba cha nyuma, wasikie adhana ya alfajiri na wauza mahamri. Mjini watembee wakiongozwa na wewe, mtaa kwa mtaa, na pesa yao waitumie kwa watu tunaowajua.

Najua unamwona mwanangu kama mtoto wa Ulaya, lakini amekulia sokoni. Tangu akiwa mdogo Jumamosi zetu ni za Ridley Road, kule Dalston, ambako viazi vikuu, ndizi za kupika, bamia na samaki hupangwa mezani kando ya njia, na mboga nyingine huuzwa bakuli zima kwa bei moja. Amenibebea mfuko pale akanisikia nikibishana bei na Wanaijeria na Waturuki. Kwa hiyo usimwogopee vumbi wala kelele.

Ndege yao ya kutoka Nairobi inatua Ijumaa jioni. Wapokee kwa tuktuk, usikodi gari. Nataka waingie mjini huku upepo wa ziwa unawapiga usoni, maana uwanja wenyewe uko kando ya maji. Usiku huo Mama awapikie, nao ndio mlo wake pekee. Ukimwachia atasimama jikoni tangu Ijumaa hadi Jumapili, na mguu ule hautaki kusimama. Milo mingine mle nje, gharama ni yangu.

Jumamosi waamshe mapema uwapeleke ufukwe wa Dunga. Ziwa asubuhi huwa limetulia, na kadiri mchana unavyosonga upepo huamka, na radi za alasiri za kwetu unazijua. Wakitaka kupanda mtumbwi, wapande asubuhi hiyo hiyo, na asiingie mtu chomboni bila jaketi ya kuokoa maisha, hata nahodha akiapa kwamba hakuna neno. Wasikanyage maji ya ukingoni kwa miguu mitupu pia. Kichocho kipo, na hawa hawajui.

Kabla ya mtumbwi wapitishe kwenye ile njia ya mbao inayokatiza mafunjo. Vijana wa pale wanaowatembeza wageni wanawajua ndege wao kwa sauti. Waambie wawatafutie yule wa mafunjo mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa rangi ya dhahabu. Utamsikia kabla hujamwona, na usipokaa kimya hutamwona kabisa. Huyo makao yake ni mafunjo, na mafunjo yakifyekwa hana pa kwenda. Ndiyo maana kila unapomlipa kijana wa pale kwa kazi ya kutembeza, usimpunje.

Halafu mle samaki hapo hapo. Mdogo wangu, hapa ndipo nataka utulie, usiwaharakishe. Mwache binti yangu amchague ngege wake, yaani sato, mwenyewe. Mfundishe kumtazama jicho, liwe angavu na limejaa, lisiwe limedidimia wala kuwa na ukungu. Afunue mashavu aone wekundu. Abonyeze nyama kwa kidole aone inarudi. Auzaye aulizwe bila haya: huyu ni wa ziwani, wa vizimba, au ni yule wa barafu kutoka Uchina? Wa vizimba si mbaya, ni riziki ya watu wetu. Ila yule wa barafu anauzwa mjini siku hizi hata hatua chache kutoka ziwani, na sioni kwa nini mtu asafiri kutoka London aje kula samaki aliyesafiri mbali kuliko yeye.

Akishachagua, asiende kukaa. Asimame aone mama anavyomchanja samaki mbavuni mistari ya mshazari, chumvi ikaingia, kisha akamtumbukiza mzima kwenye mafuta yaliyochemka hadi mkia ukakauka na kuinama. Baadaye vitunguu na nyanya kwenye sufuria nyingine, zikaiva mpaka zikaacha mafuta pembeni, dania, maji kidogo, na samaki akarudishwa humo anywe mchuzi. Ugali uje wa moto, na kachumbari yenye pilipili. Wanawe mikono, wale kwa vidole. Rafiki yake akiomba uma mpe, usimcheke, lakini ukimwonyesha namna ya kutoa mfupa kwa kidole gumba atauacha mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi la samaki, nalo nalijali kuliko yote. Mchana wapitishe mtaa wa Obunga wakaonje mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta ya kukaanga. Nasikia vijana wa siku hizi wanaona aibu kuwapeleka wageni huko. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na kitu, akawala samaki wetu wadogo wengi, na viwanda vilipokuja minofu yake ikawa ya kupelekwa Ulaya. Kilichobaki kwetu ni kichwa na uti wa mgongo wenye vinyama vilivyokosewa na kisu. Wanawake wa Obunga wakavichukua, wakavikaanga, wakalisha mji na kusomesha watoto. Nataka mwanangu amkute mmoja wao karaini, moshi machoni, aketi kwenye benchi lake na kula mfupa ule kwa heshima. Amekula minofu huku tangu utotoni, na sijui mara ngapi ilikuwa ya ziwa letu. Anunue na wa kumpelekea Mama, aufunge kwenye gazeti.

Mjini kati msikae sana. Mwonyeshe mnara wa saa ulioko barabara ya Oginga Odinga, uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, na yale maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza. Mwambie reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na kwamba wengi wa mababu zetu wa Kaloleni walifuata kazi na biashara zilizokuja na reli hiyo. Adhuhuri mswali msikiti wa Jamia. Mvua ikiwakuta, kimbilieni makumbusho ya Barabara ya Nairobi. Lile boma la Kiluo lililojengwa pale, na nyumba ya kila mke mahali pake, litamweleza mengi kuhusu majirani zetu kuliko nitakavyoweza mimi kwenye simu. Nyoka wa pale mpite upesi, rafiki yake anawaogopa.

Jioni ni Hippo Point. Fikeni kabla ya saa kumi na mbili, mtafute mahali pa kuketi, mnunue mahindi ya kuchoma na mnyamaze. Viboko wakionekana ni bahati, msiwafuate ukingoni. Kilicho cha hakika ni jua lenyewe, linavyoshuka upande wa pili wa ghuba na maji yote yakageuka rangi ya shaba. Nimekaa miaka mingi nchi ambayo Desemba mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani, na kitu ninachokililia Kisumu ni saa ile, mwaka mzima, kwa wakati ule ule. Usiku mrudi mtaani, mishikaki na viazi karai vya jirani vinatosha.

Jumapili sasa, Kibuye. Soko lipo kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake. Wauzaji wanatoka Kakamega, Kisii, Siaya, hadi njia za magari zinamezwa na bidhaa. Ingieni mapema kabla jua halijapanda. Anzeni na mitumba ilhali marobota yanafunguliwa, kamera, yaani nguo bora kabisa, bado hazijachaguliwa na wenye maduka. Nguo tunazozitoa sadaka huku kwenye masanduku ya mitaani, nyingine huishia kwenye meza zile, na nataka binti yangu aone mwanamke anavyoinua koti moja, analikung'uta, analigeuza mshono, anaangalia kwapa na zipu, ndipo anataja bei. Mwache abishane mwenyewe. Usimsaidie, simama kando. Akizidishiwa shilingi mia haitaua mtu, naye muuzaji ana watoto.

Kisha upande wa nafaka na mboga. Gorogoro, lile kopo la kupimia, ya omena kwa ajili ya Mama, waliokauka vizuri kwenye jua, wasio na mchanga. Mboga za majani pia: kunde, mrenda, mito na saga, na ukipata mama anayekuchambulia pale pale mlipe jasho lake. Usipitwe na vyungu vya udongo wala vikapu. Viti vya gugumaji nasikia vimependeza, ila hawawezi kuvibeba, waviangalie tu. Mimi sitaki zawadi kubwa, naomba mwiko wa ugali, mrefu, wa mti mzito. Huku wanauza vya kukorogea supu.

Mchana wa Jumapili waache walale. Baadaye wakae barazani na Mama, na wewe uondoke kidogo uwaachie nafasi. Kuna mambo bibi humwambia mjukuu mjomba asipokuwepo.

Usisahau chandarua. Wote wawili wanakunywa dawa ya malaria, lakini hawa hawajazoea mbu wetu, kwa hiyo kitanda kifungwe vizuri, na akishikwa na homa hata kidogo, apimwe siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe. Bei ya tuktuk mpatane kabla hamjapanda.

Pesa nitakutumia Alhamisi kwa M-Pesa, pamoja na ya dawa za Mama. Ya dawa usiichanganye na ya samaki. Ya matembezi ikibaki, wapeleke kuona swala pale hifadhi ya Impala Jumatatu asubuhi kabla hawajaanza safari ya kwa shangazi Mumias.

Nisalimie jirani zetu wote, wa mbele na wa nyuma, na yule mzee wa kahawa kama bado yupo pembeni mwa msikiti. Mwambie Mama nitampigia Ijumaa usiku wakishafika, asiwe na haraka ya kukata simu.

Ni mimi dada yako akupendaye.