Manyoya ya jogoo yanaanzia kwenye daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari ambayo imeanza kusikika miongoni mwa wafugaji wa kuku mkoani Tabora, hasa vijana, kwamba manyoya ya jogoo yananunuliwa Ulaya na Marekani kwa bei inayoizidi nyama yake, na kwamba sisi tunayatupa jalalani. Ni kweli biashara hiyo ipo. Lakini manyoya tunayoyatupa siyo hayo yanayotafutwa, na wenzangu ambao wameanza kuyajaza kwenye viroba nawaomba waisome barua hii kabla hawajatafuta mnunuzi.

Manyoya hayo ni ya kutengenezea chambo. Wapo wavuvi wanaovua kwa burudani, wakitafuta samaki aina ya trauti katika mito ya maji baridi, ambao hawatumii minyoo wala dagaa, bali hufunga uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu aliyetua majini. Ufundi huu ni wa kale sana. Mwandishi wa Kirumi Aelianus, aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuipachika manyoya mawili yaliyoota chini ya kidevu cha jogoo. Hata jirani zetu wa Kenya wana mafundi ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakifunga chambo cha namna hii kwa ajili ya masoko ya ng'ambo.

Sasa mfugaji amkamate jogoo wake yeyote wa kienyeji, achomoe unyoya mmoja wa shingoni na kuuinua kwenye mwanga. Ataona kwamba katikati, kuanzia shinani, kuna sehemu nzito na laini inayopanda kuelekea nchani, na pembeni kuna nyuzi nyembamba zinazong'aa. Ile sehemu nzito hunywa maji na kukizamisha chambo, wakati fundi anataka nyuzi ngumu, zilizonyooka, zinazosimama pande zote anapouzungusha unyoya kwenye ndoana, kwa sababu nyuzi hizo ndizo zinazokishikilia chambo juu ya maji. Anataka pia nyuzi ziwe fupi kulingana na ndoana yake, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, zilingane urefu kutoka shina hadi karibu na ncha, na kijiti cha katikati kiwe chembamba kisichokatika kinapopindwa. Kwa jogoo wetu wengi ile sehemu laini inakula karibu nusu ya unyoya, na nyuzi zake ni ndefu mno. Kuchi, ambaye sisi watu wa Tabora tunajivunia kimo chake na ukali wake, ana manyoya machache shingoni, na kwa kazi hii sioni kama anafaa.

Kuku wanaofaa walitengenezwa kwa uteuzi wa miaka mingi. Katika milima ya Catskill, jimbo la New York, fundi Harry Darbee alifuga majogoo wake mwenyewe kwa sababu hakuweza kupata madukani rangi ya kijivu cha moshi aliyoitaka. Henry Hoffman wa Oregon alianza katika miaka ya 1960 na kuku wadogo wenye mistari myeusi na myeupe, akawachagua kizazi baada ya kizazi mpaka manyoya ya mgongoni, yale yanayoning'inia pande mbili za mkia, yakawa marefu kiasi kwamba unyoya mmoja unatosha kufunga chambo zaidi ya kimoja. Mwaka 1989 mbegu ya kuku wa Hoffman ilichukuliwa na Tom Whiting, msomi wa urithi wa kuku, ambaye shamba lake liko Delta, jimbo la Colorado. Huko jogoo huwekwa kila mmoja kwenye kizimba chake ili wasipigane na kuvunjana manyoya, hutunzwa karibu mwaka mzima, kisha huchinjwa na ngozi ya shingo na ya mgongo ikauzwa pamoja na manyoya yake.

Muda huo wa kutunza ndio uliowaumbua wengi mwaka 2011, wanawake wa Marekani walipoanza kusuka manyoya haya kwenye nywele zao. Bei ilipanda ghafla na maduka ya wavuvi yakabaki matupu, lakini hakuna shamba lililoweza kumkomaza jogoo kwa mwezi mmoja, na mtindo ukapita.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu uko Hispania, katika mkoa wa León, kwenye bonde la mto Curueño, ambako wanakijiji wamefuga kwa karne nyingi majogoo wa manyoya, na andiko la mwaka 1624 kutoka Astorga linaeleza namna ya kuyatumia manyoya hayo kwa uvuvi. Wale hawakuwa na maabara. Walikuwa na jicho, subira na desturi ya kutomuuza jogoo bora. (Desturi yao ya kumnyonyoa jogoo akiwa hai mara kadhaa kwa mwaka siipendekezi hapa, na Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 isisahauliwe na yeyote atakayefikiria kuiga.)

Hapo kwenye kumuuza jogoo bora ndipo penye kiini cha barua yangu. Hapa kwetu mchuuzi anapofika kijijini na tenga lake, anaondoka kwanza na jogoo mkubwa, mwenye rangi nzuri na mkia uliojaa, kwa sababu ndiye mwenye bei Dar es Salaam. Anayebaki kupanda mitetea ni yule aliyekataliwa. Tumefanya hivyo kila sikukuu, mwaka hadi mwaka, na kwa kufanya hivyo tumekuwa tukichagua kinyumenyume bila kukusudia. Kisha tunalalamika kwamba kuku wa kienyeji wamedumaa, tunanunua vifaranga vya mbegu za kigeni kama Sasso na Kuroila, na damu ya zamani inazidi kupotea kabla hata hatujaipima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Jogoo huonyesha manyoya yake, lakini mtetea, ambaye anachangia nusu ya urithi wa kifaranga, haonyeshi urefu wala ugumu wa manyoya atakayowarithisha wanawe wa kiume. Utamjua kwa wanawe tu, wakishakomaa. Kwa hiyo mfugaji asiyejua kila yai lilitagwa na kuku yupi hawezi kufika popote, na katika vijiji vyetu, ambako jogoo mmoja hupanda mitetea ya nyumba nyingi na mayai hukusanywa kwenye kibuyu kimoja, hakuna anayejua. Dawa yake haina gharama kubwa: banda dogo la jogoo mmoja na mitetea michache iliyofungwa pete za rangi miguuni, kila mtetea na kiota chake, tarehe na alama kuandikwa kwenye yai kwa kalamu ya risasi, na daftari. Chanjo ya mdondo itolewe kila baada ya miezi mitatu bila kukosa, maana kazi ya miaka mitano inaweza kuzikwa kwa wiki moja.

Sidai kwamba Tabora itauza ngozi za jogoo Marekani hivi karibuni. Nchi zinazonunua hudai cheti cha daktari wa mifugo na uthibitisho kwamba ngozi imetibiwa dhidi ya magonjwa, na wafugaji wao wametutangulia kwa vizazi vingi vya kuku. Ninachodai ni kwamba hatuna haki ya kutoa hukumu ya mwisho kwamba jogoo wetu hawafai, au wanafaa, wakati hatujawahi kuwapima. Mtu anayemchagua jogoo kwa manyoya analazimika kumtambua, kumtunza na kuandika uzao wake, na mambo hayo matatu yatatufaa hata kama soko la manyoya halitafunguka, kwa sababu uzito na utagaji navyo vinarithiwa.

Kwa hiyo nawaomba maofisa mifugo wa halmashauri zetu, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, wachague vijiji vichache vya Uyui, Sikonge na Nzega, wawaombe wafugaji wabakize jogoo mmoja bora kila kaya kwa msimu mmoja, na wapime manyoya ya shingo na mgongo ya jogoo hao kwa rula, rangi kwa rangi. Matokeo yabandikwe hadharani katika maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Magharibi, pamoja na manyoya yenyewe, ili kila mfugaji ayashike na kuyalinganisha na ya jogoo wake. Mimi niko tayari kuwatoa wangu wapimwe kwanza.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji,
Uyui, Tabora.