Mbio hizi ni zenu, si zetu wasomaji

Ndugu Mhariri,

Kila chombo cha habari kinapoumbuka kwa kutangaza jambo ambalo halikutokea, utetezi huwa uleule: wasomaji wa siku hizi hawana subira, tukichelewa dakika tano wanahamia kwa jirani. Mimi ni msomaji, na sijawahi kuchagua gazeti kwa sababu lilimtangulia mwenzake kwa dakika tano. Aliyewahi mnamjua ninyi mlioko kwenye vyumba vya habari, mnaochunguliana kwenye skrini usiku na mchana. Sisi tunataka kujua kilichotokea, basi.

Wala msiisingizie mitandao ya kijamii. Tarehe 7 Novemba 1918, Roy Howard, mkuu wa shirika la United Press, alipeleka habari kutoka Brest, Ufaransa, kwamba Vita Kuu imekwisha. Alikuwa ameambiwa na amiri wa jeshi la wanamaji la Marekani, mtu ambaye yeyote kati yenu angemwamini. New York watu wakamwagika barabarani kushangilia. Mapigano yalikoma tarehe 11. Katika siku hizo nne kuna wanajeshi waliouawa huku nyumbani kwao wakidhaniwa wamesalimika.

Lakini tukio ninalolirudia mara kwa mara ni la tarehe 8 Januari 2011. Mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords alipigwa risasi ya kichwa huko Tucson, Arizona. Redio ya NPR ikatangaza kwamba amefariki. Wakubwa wengine wakafuata, CNN na Reuters wakiwamo. Mumewe, mwanaanga Mark Kelly, alikuwa ndani ya ndege akimkimbilia pamoja na binti zake, na msiba huo aliupata kwenye televisheni ya ndege. Mkewe alikuwa hai. Yu hai hadi leo.

Angalia jinsi habari ile ilivyokua. Mmoja ametangaza; wa pili anaandika “kwa mujibu wa vyombo vya habari”; wa tatu anamnukuu wa pili; wa nne hamnukuu mtu, anaona jambo limeshajulikana. Msomaji akihesabu anapata mashahidi wanne, naye ana haki ya kusadiki, maana hakuna aliyemwambia kwamba watatu kati yao wanakariri tu. Kuna wahariri wanaoita hili uthibitisho. Kwangu ni kujificha: habari ikiharibika, kila mmoja anamnyooshea kidole aliyemtangulia, na aliyetangulia naye anasema chanzo chake kilimpotosha. (Methali ya haraka na baraka sikutupii, unaijua.)

Uzushi wa makusudi ni ugonjwa mwingine, na haraka haihusiki nao sana. Claas Relotius wa jarida la Ujerumani Der Spiegel alitunga watu na mazungumzo katika makala ndefu zilizoandikwa kwa utulivu, tena ndani ya jarida lenye idara maarufu ya kuhakiki maandishi. Ila Desemba 2018 jarida lenyewe ndilo lililomwanika, kwa urefu, mbele ya dunia nzima. Hapo ndipo wengi wenu mnaponisikitisha. Habari ya uongo hupewa kichwa chenye herufi nene, nyekundu ikibidi, na arifa ya kutikisa simu mfukoni. Masahihisho huja kesho yake chini ya ukurasa, maneno ishirini, bila kutaja kilichokosewa. Kwenye tovuti ni aibu zaidi: habari inafutwa kimyakimya, na aliyeisoma asubuhi akiitafuta jioni anaonekana aliota.

Ninaloomba haligharimu fedha. Habari ikiwa imetoka kwa mwenzenu, mtajeni kwa jina na museme wazi kwamba ninyi hamjaithibitisha. Habari ya kifo isitoke kabla familia, hospitali au mamlaka inayohusika haijasema, hata kama washindani wote wameshaitoa. Mkikosea, masahihisho yakae palepale uongo ulipokaa, kwa herufi zilezile, na kama mlituma arifa ya kwanza, tumeni na ya pili. Itawaumiza, najua. Huenda maumivu hayo ndiyo yatakayomfanya mhariri wa zamu apige simu moja zaidi kabla ya kubonyeza.

Msomaji wenu