Feni ya laptopu inapiga kelele? Usikimbilie kununua nyingine

"Fundi, feni imekufa, niwekee nyingine." Maneno haya tunayasikia sana dukani kwetu hapa Kariakoo, na mara nyingi tukifungua laptopu tunakuta feni ni nzima kabisa. Iliyoziba ni njia ya hewa.

Ndani ya laptopu, juu ya prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za mashine), kumelazwa bomba la shaba linalobeba joto mpaka ubavuni, kwenye mapezi membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana. Feni hunyonya hewa kutoka chini na kuipuliza katikati ya mapezi hayo, joto likatoka nje. Lakini hewa haiji peke yake. Vumbi la barabarani, nyuzi za zulia, pamba ya godoro na manyoya ya paka huingia nayo, vikakwama mlangoni mwa mapezi. Mwaka hadi mwaka vinashikana, mwisho vinakuwa kama kipande cha blanketi. Tunakibandua kizimakizima kwa kibano, na mwenye laptopu hushangaa, maana kwa nje mashine yake inang'aa.

Hapo feni itazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haitapita. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzijoto 100. Zikikifikia hujipunguzia kasi zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine huzima ghafla. Ndiyo maana laptopu yenye joto huwa nzito pia. Kuna watu wamekuja kwetu wakiwa tayari wameuziwa RAM, yaani kumbukumbu ya ziada, ambayo hawakuihitaji, na hilo linatuuma: pesa imetoka na tatizo liko palepale.

Kwa hiyo kabla hujaja, isikilize. Kama ni uvumi wa upepo unaopanda ukiipa kazi nzito na kushuka ukiipumzisha, shida ni joto. Kama ni mkwaruzo au mgongano, hata ikiwa ndiyo kwanza imewashwa na bado ni ya baridi, basi feni yenyewe ina kasoro: beringi imelika, au kuna kitu kinagusa mapanga. Beringi iliyolika haiponi kwa kusafishwa, feni inabadilishwa. Baadhi ya HP huandika "90B" kwenye kioo wakati wa kuwaka, yaani mashine haioni feni ikizunguka inavyotakiwa.

Kisha, kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie programu gani inakula prosesa. Ukikuta moja imeshika zaidi ya nusu na wewe hujafungua chochote, anza na hiyo. Windows ikijisasisha au antivairasi ikikagua mafaili, feni itavuma kwa muda, kisha itatulia. Iache imalize.

Na iondoe kitandani. Matundu ya chini yakizibwa na shuka, hata laptopu mpya itachemka. Meza inatosha, hata sinia ukilipindua. Mwezi wa Januari na Februari hapa Dar hewa inayoingia tayari ni ya moto, usiiongezee mzigo.

Tunakuomba sana usiipulize kwa blowa kupitia matundu ya nje. Feni husukumwa izunguke kupita kasi yake, beringi ikaumia, na lile blanketi la vumbi hurudishwa ndani badala ya kutoka. Sisi tunafungua kifuniko, tunachomoa betri, tunaizuia feni kwa kidole, ndipo tunapuliza na kupiga brashi.

Wenye laptopu za mtumba kutoka Ulaya na Dubai, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook, mna jambo moja zaidi. Mashine hizo ni imara, lakini zimeshafanya kazi miaka kadhaa maofisini, na pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na shaba huwa imekauka kama chokaa. Kuondoa vumbi peke yake hakutoshi. Tunaifuta ya zamani kwa spiriti na kupaka mpya, tone dogo tu.

Ukiona kifuniko cha chini kimetuna au padi ya kipanya imenyanyuka, hilo si suala la feni. Betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze, ilete.

Tunapima joto mbele yako kabla ya kufungua na tena baada ya kufunga, mashine ikiwa kwenye kazi nzito, ili uone mwenyewe ulicholipia. Njoo na chaja yako. Laptopu nyingi zikitumia betri hujibana nguvu, na joto tutakalopima bila chaja litakuwa chini ya lile linalokusumbua nyumbani.